Kujirudi kwa Seli za Dada

Siku ya kwanza niliposoma jina Ki-67 kwenye kichupa cha maabara nilidhani ni lugha. Nimekulia kijiji cha Mbingu, ambako jirani wa kulia alizungumza Kindamba, wa kushoto Kipogoro, na wafugaji waliohamia bondeni walisalimiana kwa Kisukuma. Jicho langu likiona Ki- mwanzoni mwa neno linatarajia watu nyuma yake. Nikamuuliza mkuu wangu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani:

"Hawa Wasitini na saba wanakaa wapi?"

Hakucheka. "Wanakaa ndani ya seli inayojigawa," alisema. "Osha mikono, nikuonyeshe."

Nilikuwa na wiki moja tu kazini hapo Ifakara. Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia, nikakaa nyumbani msimu mzima wa mpunga nikisubiri majibu ya maombi ya kazi, halafu nikapata nafasi kwenye utafiti wa wanawake waliokutwa na mabadiliko kwenye mlango wa kizazi. Mabadiliko, ndilo neno tulilotumia. Si saratani. Ni seli zilizoanza kuonekana tofauti kwa sababu ya kirusi ambacho huwapata watu wengi sana, wenye maisha ya kawaida kabisa. Kwa wengi seli hizo hurudi zenyewe katika hali yake. Kwa wengine huendelea, miaka ikapita, zikawa saratani. Na ukizitazama mapema, hata kwa hadubini, makundi hayo mawili yanaweza kufanana mno. Utafiti wetu uliuliza kama protini zilizomo ndani ya seli zinaweza kututajia mapema nani yuko kundi gani.

Sikuamini. Mimi ni mtu wa kutoamini. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza katekista amejuaje kwamba malaika wana mabawa, na mama akanipa jina la utani ambalo halijaniacha: Umejuaje. Chuo kikuu kilinipa tu maneno mengi zaidi ya kuulizia. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba rangi kwenye kioo inaweza kusema mwili wa mwanamke utafanya nini mwakani, niliona ni kazi ya mpiga ramli aliyesomeshwa. Niliifanya kwa uangalifu, kwa sababu nilikuwa nalipwa, na jioni nilikula ubwabwa wangu bila kuwaza lolote.

Halafu dada akapiga simu.

Ananizidi miaka minne. Ameolewa hapo hapo Mbingu, analima mpunga na mume wake. Miaka miwili kabla ya simu hiyo alipoteza mimba ya miezi mitano. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake, ila wote tulijua anasubiri nini.

"Mdogo wangu," alisema, "wamekuja watu wa uchunguzi zahanati. Wamenipaka siki."

"Ikawaje?"

"Pakawa peupe."

Nesi anapopaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye seli zilizobadilika huweza kugeuka peupe. Nikamuuliza peupe kiasi gani, upande gani, kingo zake zilikuwaje.

"We Umejuaje, unaniuliza kama fundi wa vigae? Mimi nilikuwa nimelala chali, sikuona kitu. Wameniandikia nije huko kwenu."

Alikuja kliniki Ifakara akiwa na mama. Walimkata kipande kidogo cha nyama, na majibu yalipotoka yalisema mabadiliko ya kiwango cha kati. Daktari aliwaeleza bila haraka. Doa lilikuwa pana kuliko kichwa cha kifaa cha joto wanachotumia kuchoma seli kama hizo, kwa hiyo tiba ingekuwa kukata sehemu hiyo kwa waya wa umeme. Kukata kunaponya wengi. Lakini kunaondoa sehemu ya mlango wenyewe, na mwanamke ambaye mlango wake ulishindwa kuhimili mimba mara moja, daktari hakutaka kuukata kabla ya kufikiri mara mbili. Njia ya pili ilikuwa kusubiri na kuchunguzwa kwa karibu, kwa kuwa dada ni kijana na kinga yake ni nzuri. Hatari ya kusubiri ilikuwa moja, nayo kila mtu chumbani aliijua kwa jina.

Akamwambia pia kuhusu utafiti wetu: akikubali, watachukua seli kwa brashi ndogo, zipakwe rangi, na jibu lisaidie kuamua. Dada akasema atafikiri. Walipokuwa wanaondoka nesi, akitaka kuwatuliza, akamwambia mama, "Usiogope sana. Mabadiliko ya aina hii mengine hujirudi yenyewe."

Mama alilishika neno hilo kama mtu aliyepewa dawa.

Mama ni mtu wa jumuiya. Jumamosi asubuhi majirani Wakatoliki hukutana kwa mmoja wao, wanasali, wanasoma, na kila mwenye nia huitaja ili wenzake wamwombee. Mama alitaka dada aombewe bila siri yake kutoka. Baadaye aliniapia kwamba aliitunga sentensi yake tangu alipoamka, akaisema moyoni akichota maji, akaisema tena akifagia: Tumwombee binti yangu, mambo yake yajirudi. Lakini zamu yake ilipofika machozi yalimkaba, sentensi ikapungua njiani, na kilichotoka ni hiki:

"Tumwombee binti yangu ajirudi."

Y moja ilianguka. Yajirudi ni mabadiliko kurudi yalikotoka. Ajirudi ni mwanamke aliyepotoka, aache uhuni wake. Jumuiya nzima ikainamisha vichwa na kuomba kwa bidii, na bibi mmoja akaongeza Salamu Maria kumi za rozari kwa ajili ya ndoa zinazoyumba. Kufikia mchana, shemeji yangu aliyekuwa amepeleka magunia mashine ya kukoboa alikuwa ameshapewa pole na watu watatu.

Dada akanitumia ujumbe mfupi: siji tena Ifakara. Nikikanyaga kliniki yenu sasa watasema ndiyo nimejirudi.

Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimesimama mbele ya jokofu la vitendanishi. Ndani kulikuwa na vichupa ambavyo sikuviamini, na nilishangaa jinsi nilivyoogopa kwamba dada hatavifikia.

Jumapili nikaenda Mbingu. Niliwakuta uani, dada akipepeta mbegu kwenye ungo, mama amekaa upande wa pili wa ua na mgongo wake umegeuzwa kidogo, kiasi cha kuonyesha kwamba umegeuzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na maswali yako?"

"Nimekuja nayo."

"Muulize basi huyo mama yako," dada alisema bila kuacha kupepeta, "nijirudi kutoka wapi? Nikitoka shamba naenda kisimani, nikitoka kisimani naenda shamba. Huo uhuni nimeupata wapi, kwenye majaruba ya mpunga?"

"Nilisema ya," mama alisema. "Ya! Ya!"

"Ulisema a. Yule bibi amenishika mkono njiani, ananiambia Mungu ni mwingi wa huruma, hata kwa watu kama mimi."

"Labda amesikia vibaya, masikio yake ya siku nyingi."

"Na mashine nzima masikio yake ya siku nyingi?"

Nikacheka. Halikuwa jambo la kucheka, lakini kicheko kilinitoka. Wote wawili wakanigeukia kwa jicho moja, jicho la ukoo wetu, halafu dada akauma mdomo, ungo ukaanza kutikisika, na mbegu zikamwagika kidogo. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheka, na alicheka huku akifuta macho.

Shemeji hakucheka. Alitoka ndani, akavuta kigoda, akaniuliza kwa sauti ya chini swali ambalo nadhani lilimkaa rohoni tangu mashineni. "Shemeji, wewe umesoma. Hicho kirusi kimetoka wapi?"

Nikamweleza kwamba kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwamba kinaweza kuwa kilimwingia yeyote kati yao hata kabla hawajaonana, kwamba hakuna kipimo kinachosema nani alimpa nani.

"Umejuaje?" akasema.

Hakuwa ananitania. Nadhani hakukumbuka hata kwamba ni jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza swali hilo kunipiga mimi, na niligundua linavyouma.

"Kwa hapa sijui," nilimwambia. "Kwenu ninyi wawili hakuna anayejua wala atakayejua. Ndiyo maana hakuna wa kulaumiwa."

Aliokota punje moja ya mbegu iliyomwagika, akairudisha kwenye ungo wa mke wake. "Jumatano nitampeleka mwenyewe," alisema.

Jioni ile dada alinisindikiza hadi barabarani. Akataka nimweleze hiyo rangi inatafuta nini. Nilianza na maneno ya chuo, akanikatiza: "Sema kama unanisemesha mimi." Nikakumbuka baiskeli.

Nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na moja. Alinipakia nyuma ya baiskeli ya baba, tukishuka kuelekea daraja dogo la mbao, na waya wa breki ukakatika. Mimi nilikuwa nimemkumbatia kiunoni, naviona vidole vyake kwenye mkono wa breki. Alikuwa anabana. Baiskeli ilipozidi kasi alizidi kubana, vidole vikawa vyeupe, na kadiri alivyobana ndivyo tulivyokimbia, kwa sababu mkono haukuwa umeshika kitu tena. Tuliishia kwenye matete. Alama yake iko kwenye kiwiko changu hadi leo.

"Ndani ya seli kuna protini ya breki," nilimwambia. "Inaitwa p16. Seli yenye afya haina haja ya kuibana sana. Kirusi kikishika usukani, kinakata waya. Seli inajiona inakimbia, inabana breki. Haipungui mwendo. Inabana tena. Inajaa protini ya breki tele, na bado inakimbia. Sisi tunaipaka hiyo breki rangi ya kahawia."

"Vidole vyangu."

"Vidole vyako. Na ile nyingine, Ki-67, inatokea seli inapokuwa kwenye mwendo wa kujigawa. Tunaipaka nyekundu. Seli inayokimbia kwa haki yake itakuwa na nyekundu peke yake. Inayobana breki na kusimama kweli itakuwa na kahawia peke yake. Seli moja ikiwa na zote mbili kwa pamoja, maana yake waya umekatika."

"Kwa hiyo mnatafuta mtoto anayebana breki na baiskeli haisimami."

"Ndiyo."

"Hiki Kisitini na saba," alisema, "ni lugha ya watu wenye haraka."

Nilipoisema habari ile kwa mdomo wangu, kwenye barabara ile, nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikisoma. Seli haina macho wala haina mtu wa kuiambia. Na bado inajua kwamba inakwenda kasi kupita kiasi, na inajaribu kusimama. Sikuwa nimewahi kukihurumia kitu kidogo kiasi hicho.

Jumatano wakaja. Brashi ilichukua dakika chache, na kilichofika maabara ni kichupa chenye namba. Namba niliijua, kwa sababu nilikuwa mlangoni, na nikamwambia mkuu wangu ukweli huo mara moja.

"Basi rangi upake wewe, kusoma nisome mimi," alisema. "Na msomaji wa pili hatajua chochote."

Kupaka rangi ni kazi ya subira. Unatandaza seli kwenye kioo, unaosha, unaweka kingamwili inayoitambua protini moja na kuziacha nyingine zote, unasubiri, unaosha, unaweka rangi, unasubiri tena. Pembeni unakwenda na vioo viwili vya kulinganishia: kimoja cha seli zinazojulikana zitashika rangi zote mbili, kingine cha seli zinazojulikana hazitashika. Vikikudanganya hivyo, vyote vimekudanganya. Nilivitazama kwanza hivyo. Kwenye kile cha kwanza niliziona, kahawia imejaa seli nzima, na katikati kiini chekundu kama kaa la moto. Niliinua kichwa nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeziona mara nyingi, nikiziandika na kupita. Siku hiyo niliona mikono midogo inabana.

Mkuu akakaa na kioo cha dada. Alikisoma kama mtu anavyokagua majaruba, mstari kwa mstari, akienda mwisho, akishuka, akirudi, bila kuruka tuta. Nilisimama nyuma yake hadi akaniambia nikasimame kwingine kwa sababu namhemea shingoni. Mwishoni akasogeza kiti.

"Sijaona hata moja yenye zote mbili."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nikasema, "Labda rangi haikushika."

"Cha kulinganishia kimeshika. Umekiona mwenyewe."

"Labda seli hazikutosha."

"Zimetosha, na zaidi."

"Labda umepitiwa."

Akavua miwani ya machoni, akateremsha ya kichwani, akanitazama kwa hiyo. "Majibu nimeshayaandika. Kaa. Soma."

Nilikaa. Sijui nilisoma kwa muda gani. Seli za dada zilikuwa za samawati iliyofifia, pana, zimetandazika bila haraka, kila moja na kiini chake kidogo. Hapa na pale nyekundu moja, ikijigawa kwa haki yake. Mahali pawili kahawia, imebana na imesimama. Nilitafuta ya tatu, ile yenye zote, kama mtu anayetafuta nyoka kwenye nyasi na hataki kumpata. Nilifika mwisho wa kioo nikaanza tena. Nilikuwa natazama ndani ya mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa, na kitu nilichokiona kilikuwa kinatunza mpaka wake chenyewe, kirusi kikiwemo, doa likiwemo, bila msaada wa yeyote kati yetu. Mimi ambaye nimeuliza kila kitu, sikuwa na swali. Ni hisia ya ajabu. Inafanana na njaa kuisha.

Msomaji wa pili alikubaliana na mkuu. Daktari akamwita dada na shemeji, akawaeleza kwamba rangi haitoi ahadi, inasema tu upande ambao mambo yanaelekea. Akashauri wasubiri, waje baada ya miezi sita, na baada ya mwaka. Dalili ikibadilika, watakata. Dada akachagua kusubiri.

Siku hiyo mkuu alimruhusu aingie atazame. Dada aliinamia hadubini na kitambaa chake kichwani, akafumba jicho lisilotakiwa, akafumbua, akaziona.

"Hizi ndizo mimi?"

"Ni zako."

Alitazama muda mrefu. "Mbona zimetulia hivi," alisema, "na mimi silali?"

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Nilirudi kwenye tabia yangu. Nilisoma kila nilichopata kuhusu vipimo vilivyokosea, wanawake ambao rangi iliwaambia tulia na mwili ukasema vingine. Wapo. Sikumwambia dada, lakini alijua, kwa sababu kila nilipopiga simu nilikuwa mpole kupita kawaida, naye akaniambia niache kumsalimia kama mgonjwa. Baada ya miezi sita doa lilikuwa limepungua. Nikapiga hesabu ya sababu zote zinazoweza kufanya doa lionekane dogo na bado liwepo. Mvua zikaja, bonde likajaa maji, wakapanda, wakapalilia, wakavuna.

Mwaka ulipotimia nilimsindikiza kliniki, nikakaa nje ya pazia kwenye benchi. Nilisikia vyombo, nikasikia nesi yule yule akisema napaka siki sasa, itakuwa ya baridi kidogo. Halafu kimya cha dakika moja, kwa sababu siki inataka dakika. Niliisikia nzima.

"Hapajawa peupe," nesi alisema.

"Angalia tena," dada alisema. Nilitabasamu nje ya pazia. Huyo alikuwa anaongea kwa mdomo wangu.

"Naangalia. Hakuna. Tutachukua na seli tuhakikishe, lakini mimi nakwambia, dada, yamejirudi."

Seli zilikuja kwa namba nyingine, zikasomwa na watu wasiozijua, zikawa za kawaida. Ndipo dada alipompigia mama, akiwa amekaa kwenye ngazi za maabara, simu kwa sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama, majibu yametoka."

"Haya sema. Amejirudi?"

Dada alifumba macho. "Ya, mama. Ya."

"Yamejirudi?"

"Yamejirudi."

Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata, nadhani akikumbuka majirani. Kisha akauliza kama Umejuaje yupo hapo karibu. Nikasema nipo.

"Hiyo rangi yenu ilijua tangu mwaka jana?"

"Ilionyesha yanakoelekea, mama. Kujua ni neno kubwa."

"Na aliyeyarudisha ni nani?"

Ningeweza kumtajia kinga ya mwili, na ningekuwa nasema kweli. Lakini kwa nini kinga ya dada ilikumbuka kazi yake na ya mwanamke mwingine, mwenye doa lile lile, isikumbuke? Kioo hakikuniambia hilo, na sidhani kuna aliyeambiwa.

"Sijui," nilisema.

"Basi Jumamosi nitashukuru," mama alisema. "Na safari hii dada yako aje aseme mwenyewe, mimi sitaki kesi."

Dada alikuwa ameshasimama, anakung'uta sketi. Shemeji alikuwa ng'ambo ya barabara ameegemea baiskeli, anatusubiri. Alimwita kwa mkono, na dada, kabla hajapanda nyuma, aliinama, akashika mkono wa breki, akaubana mara moja, akatazama gurudumu kama limeshikwa.